Waya Mmoja, Namba Nne

Saa sita na robo usiku. Mlinzi wa mtaa ameshapita na filimbi yake, feni inasukuma joto kutoka kona moja kwenda nyingine, na mimi nabonyeza herufi "a" kwa mara ya hamsini hivi. Kwenye skrini hakuna kitu.

Mezani kuna Raspberry Pi 4 iliyounganishwa na laptop kwa nyaya tatu. Ndani yake hamna Linux, mfumo endeshi wa kawaida wa bodi hii. Kuna keneli yangu mwenyewe, yaani moyo wa mfumo endeshi, mistari isiyofika elfu mbili, niliyoianza kwa sababu nilichoka kusoma habari za keneli kama mtu anayenusa pilau la jirani.

Taima ilikuwa inapiga. Kila sekunde nukta moja inatokea. Maana yake kidhibiti cha intarapti, yaani cha miito ya vifaa kuikatiza prosesa, ambacho kwa bodi hii ni GIC-400, kipo hai, na prosesa inasikia. Nikiiuliza UART, kifaa kinachopokea na kutuma herufi kupitia zile nyaya, kwa kitanzi kama ina herufi, inajibu ninayo, na herufi ni "a" kweli. Nikitulia niisubiri iniite yenyewe, kimya.

UART inaita. Prosesa imetega sikio. Basi hapo katikati kuna mtu ameukalia ujumbe.

Biti ya 25

Namba niliyoanza nayo ni 57. Sikuiota, imo kwenye waraka wa chipu ya BCM2711, jedwali la intarapti, mstari wa UART. Kuruhusu intarapti kwenye GIC ni kuandika biti moja tu. Rejista, vile vijisanduku vya namba ndani ya chipu, zimepangwa mfululizo, kila moja ina biti 32, kwa hiyo unagawanya namba yako kwa 32: jibu ndiyo rejista, baki ndiyo biti. 57 inakupa rejista ya 1, biti ya 25. Nikaandika.

Kimya.

Nikaenda kuchungulia mti wa vifaa wa Linux, lile faili linaloiambia keneli bodi ina nini na kila kitu kiko wapi. Pale UART imeandikwa 121. Nikapiga hesabu: rejista ya 3, biti ya 25. Nikaandika. Kimya vilevile, na hapa ndipo nilipopoteza siku nne, kwa sababu ile 25 ilinituliza. Vyanzo viwili, watu wawili wasiojuana, biti ile ile! Nikajiambia suala la namba limekwisha, nikaanza kushuku kila kitu kingine: kasi ya UART, kache, ngazi ya usalama ambayo prosesa iliamkia, hadi nyaya zenyewe. Nilikwenda Kariakoo kununua nyaya mpya. Foleni ya siku hiyo sitaki hata kuizungumzia.

Usiku ule wa filimbi nikafanya nilichopaswa kufanya siku ya kwanza. Niliacha kuiambia GIC namba, nikaiuliza. Nikabonyeza "a", kisha nikachapisha rejista zote zinazoonyesha nani anasubiri, moja baada ya nyingine, bila kujali nadhani ipi ni ya nani:

3: 00000000
4: 02000000
5: 00000000

Rejista ya 4. Hesabu kutoka kulia ukianzia sifuri, biti iliyowaka ni ya 25. Nne mara 32 ni 128, jumlisha 25.

153.

Alikuwepo muda wote. Amebisha hodi, hakufunguliwa, akakaa barazani. Mimi nilikuwa nafungua mlango wa jirani.

Nikaandika `#define UART_IRQ (121 + 32)`, nikajenga upya, nikawasha, nikabonyeza. Ikatokea "a". Nikabonyeza tena kwa raha tu, nikajaza mstari mzima, nikaenda kulala bila kuzima feni.

Inafanya kazi, usiguse

Hayo ndiyo maneno niliyohifadhi nayo mabadiliko yale kwenye git. Nimeyasoma tena leo na nimeona haya.

Kwa sababu sikujua kwa nini. Ile 32 ilikuwa kama karatasi iliyokunjwa na kuwekwa chini ya mguu wa meza. Meza haiyumbi, wageni hawaoni, lakini wewe kila ukikaa unajua. Kwa wiki tano nilikuwa nikifungua faili lile kwa shughuli nyingine, macho yanakwenda yenyewe kwenye mstari ule. Chanzo changu cha kwanza ni waraka wa watengenezaji wa chipu, cha pili ni mti unaotumiwa na mamilioni ya bodi. Vyote viwili vimekosea? Haiwezekani. Basi mimi nimesoma vibaya? Nilirudia kusoma. 57. 121. Zimeandikwa.

Jumamosi moja nikaamua kusafisha. Kama kanuni ni kuongeza 32, basi iwe kanuni: fanksheni inayopokea namba ya kwenye mti, inaongeza 32, inarudisha namba ya GIC. Nikaipitisha UART, ikaendelea kufanya kazi. Nikaipitisha na taima, ambayo kwenye mti ni 14.

Nukta zikakoma.

Nilikaa nikitazama skrini ambayo sasa inapokea herufi lakini haina tena mapigo ya moyo. 14 na 32 ni 46. Msimbo wangu wa zamani ulikuwa na 30, niliyoinakili kwenye mfano wa mtu fulani bila kuuliza, na haikuwahi kunisumbua, ndiyo maana sikuwahi kuitazama. 30 toa 14 ni 16.

Kumbe haikuwa 32 hata kidogo. Au ilikuwa 32 kwa mmoja na 16 kwa mwingine, na mimi nilikuwa nimeokota nusu ya kanuni nikaiita kanuni.

Jibu nililipata ndani ya draiva ya GIC ya Linux, ule msimbo unaokiendesha kidhibiti hicho, katika toleo lake la zamani. Fanksheni moja fupi, isiyo na mbwembwe: inachukua namba kutoka kwenye mti, inaongeza 16. Kisha inatazama namba iliyotangulia, ile inayotaja aina. Ikiwa ni intarapti ya pamoja, inaongeza 16 nyingine. Basi. Nilicheka peke yangu.

GIC inazihesabu hivi: 0 hadi 15 ni za viini vya prosesa kugongeana vyenyewe kwa vyenyewe. 16 hadi 31 ni za faragha, kila kiini na zake, na taima imo humo. Kuanzia 32 ndiyo za pamoja, vifaa vya nje. Mti wa vifaa hauhesabu hivyo. Wenyewe una orodha mbili, ya pamoja na ya faragha, na kila moja inaanza sifuri yake. UART ni ya 121 katika za pamoja. Taima ni ya 14 katika za faragha. Ile namba ndogo ya mwanzo, 0 au 1, ambayo nilikuwa nairuka kama mtu anayeruka salamu kwenye barua, ndiyo iliyokuwa inasema orodha ipi.

Na 57? Hiyo ni hesabu ya VideoCore, prosesa ya michoro, ambayo katika ukoo huu wa chipu ndiyo mwenyeji. Ukiwasha umeme, yenyewe ndiyo inayoamka kwanza. Ina laini 64, inazihesabu kutoka sifuri, na laini hizo zinaingia kwenye GIC kuanzia 96. 57 na 96 ni 153.

Na kwa kuwa 32 na 96 zote zinagawanyika kwa 32, baki halibadiliki. Ndiyo ile 25 yangu. Haikuwa ushahidi wa kitu chochote.

Tiketi ya mjomba

Mjomba wangu aliwahi kukosa basi la Tanga. Tiketi iliandikwa 12:00. Kijana aliyeiandika alimaanisha saa kumi na mbili alfajiri, kama ambavyo angeisema kwa mdomo. Mjomba, aliyefanya kazi miaka mingi mahali ambapo saa zinaandikwa kizungu, akasoma adhuhuri. Akafika stendi ya Mbezi saa tano na nusu, ametangulia, ameoga, amevaa kanzu, na basi wakati huo linakaribia Tanga.

Ugomvi wake pale dirishani tulisimuliwa mwaka mzima. "Imeandikwa hapa!" Na kweli iliandikwa. Kijana naye anajibu, "Ndiyo mzee, imeandikwa, saa kumi na mbili."

Sisi tunaishi hivyo kila siku na hatuoni kazi yake. Simu inaonyesha 08:00, mdomo unasema saa mbili, na hakuna anayekaa kutoa sita kichwani. Tunajua ni saa ya nani inayosomwa. Mjomba na yule kijana wote walikuwa na namba sahihi, na hakuna aliyekuwa na neno la pili, lile la "asubuhi" au "mchana", ambalo ni bei rahisi kuliko nauli ya basi jingine.

Nilimkumbuka siku ile nukta zilipokoma, na nikagundua swali langu lilikuwa bovu tangu siku ya kwanza. Nilikuwa nauliza UART ni namba ngapi.

Sikuuliza: kwa nani?

Walioanza na nane

Ugonjwa huu si wa ARM, ukoo wa prosesa ya bodi yangu, peke yake. IBM PC ya 1981 ilikuwa na kidhibiti kimoja cha intarapti, chipu ya 8259A, laini nane, 0 hadi 7. IBM wakazipeleka kwenye vekta za 8 hadi 15 za prosesa, yaani nafasi za jedwali linaloiambia iende wapi ikikatizwa. Tatizo ni kwamba Intel walikuwa wameshasema vekta 32 za mwanzo ni zao, wasiguswe. Kwenye 8088, prosesa ya PC ile, haikuuma. Prosesa zilizofuata zikaanza kuzitumia, na vekta ya 8, ambayo IBM walimpa taima, Intel wakaipa hitilafu maradufu, lile kosa linalotokea prosesa inapojikwaa wakati inashughulikia kosa jingine. Ukiingia kwenye hali ya ulinzi (protected mode) bila kupanga upya, kila mpigo wa taima unaonekana kama maafa.

Kwa hiyo keneli za PC zikarithi kazi ya kuhamisha. Linus Torvalds, kwenye msimbo wa kuwashia wa Linux 0.01 wa 1991, anazipeleka 0x20, yaani 32, na kwenye maelezo ya pembeni analalamika kwamba IBM waliharibu mambo na hawakuweza tena kuyarekebisha. Kaweka na kiuso cha huzuni. Hiyo 32 si ndugu wa 32 yangu. Zimefanana jina tu. Lakini nilipoiona nilihisi kama nimekutana na mtu wa kijijini kwetu.

IBM AT ya 1984 ikaongeza 8259 ya pili, na kwa kuwa hakukuwa na mlango mwingine wa kuingilia, ikachomekwa kwenye laini ya 2 ya ile ya kwanza. Ndiyo maana laini zilikuwa 15 na si 16, na vifaa vya zamani vya laini ya 2 vikajikuta vinahudumiwa kama 9. Kidhibiti nyuma ya kidhibiti. Watu wa enzi hizo walizijua namba kwa kichwa kama tunavyojua namba za simu za zamani: printa 7, flopi 6, kibodi 1. Namba moja kwa mashine nzima, na ikatosha kwa muda.

Namba ya nne

Miaka mingi nimeangalia `/proc/interrupts`, orodha ya intarapti za mashine, kwenye Linux. Ukiifungua kwenye Pi 4 utaona mstari kama huu:

29: 412 0 0 0 GICv2 153 Level uart-pl011

Nilikuwa naijua safu ya kwanza peke yake. 29. Nilidhani ndiyo namba ya intarapti, kwa sababu iko mwanzo na ina nukta pacha. Baada ya vita vyangu ndipo macho yakaenda kulia na kuikuta 153 imekaa pale miaka yote, imetulia, na jina la aliyeitoa limeandikwa mbele yake: GICv2. Taima ipo hapo juu, 30. Kadi ya mtandao, 189. Kadi ya kumbukumbu na Wi-Fi, 158, draiva mbili zinashiriki laini moja.

Na ile 29? Hiyo si namba ya kitu chochote cha kushikika. Nilichomeka kadi nyingine yenye toleo jingine la keneli, bodi ile ile, ikawa 31. Ni kama kile kipande cha karatasi cha foleni unachopewa ukifika: unahudumiwa kwa namba hiyo leo, na kesho haina maana.

Mwanzo niliuona mpango huu ni urasimu. Kitu kina namba yake ya chuma, kwa nini uitungie nyingine? Nilishikilia hivyo kwa siku kadhaa, na nina aibu kidogo kusema kilichonibadilisha si maelezo ya mtu, ni chipu ndogo ya MCP23017. Inaongeza pini 16 kupitia I2C, njia ya mawasiliano ya nyaya mbili, na inaweza kukuarifu pini ikibadilika. Pini zake zinaanza sifuri. Chomeka mbili, una pini ya 3 mara mbili. GPIO, pini za bodi yenyewe, nazo zina 3 yake. GIC ina 3. Mashine moja, namba 3 nne au tano, kila moja ya kweli nyumbani kwake. Na zote zinataka kuandikishwa kwa fanksheni moja, `request_irq`, ambayo inapokea namba moja tu.

Linux kwa upande wa ARM iliwahi kulitatua kwa nguvu: kila bodi na faili lake la hederi, namba zote zimeandikwa kwa mkono, GIC kuanzia hapa, GPIO kuanzia pale. Ilikwenda mpaka watu walipotaka keneli moja iwake kwenye bodi nyingi, na hederi za bodi mbili haziwezi kukaa pamoja. Upande wa PowerPC, ukoo mwingine wa prosesa, walikuwa na dawa tayari, na kati ya 2011 na 2012 Grant Likely akaifanya iwe ya wote: `irq_domain`.

Domeini ni makubaliano kwamba namba haitembei peke yake. Kila kidhibiti kinajiandikisha na kueleza jinsi namba zake zinavyosomwa, pamoja na ile hesabu ya 16 na 16 nyingine. Anayekuja na namba kutoka kwenye mti anapelekwa kwa mwenye nayo, inatafsiriwa, kisha keneli inakata tiketi yake ya foleni na kuandika kwenye jedwali: domeini hii, namba hii, tiketi hii. Draiva ya UART inaita `platform_get_irq`, inapewa 29, na haina habari kwamba 153 ipo duniani. Intarapti ikilia, safari inarudi kinyume. GICv3 ina intarapti zinazoanzia 8192, kwa hiyo jedwali la kawaida lingekuwa tupu karibu lote. Huko domeini inatumia mti wa utafutaji badala yake. Sifuri haitolewi kwa mtu, maana yake ni "hakuna", ingawa ARM kwa muda mrefu waliandika "hakuna" kama -1, na ubishi wake ulikuwa mkubwa kuliko unavyoweza kudhani kwa namba isiyo na kitu.

Ukipachika vibaya, keneli inavumilia kiasi. Ikihesabu intarapti 100,000 kwenye laini, na zaidi ya 99,900 hazikupata wa kuzipokea, inatangaza kwamba hakuna aliyejali, na inaifunga laini. Hiyo kauli, "nobody cared", nimeiona mara nyingi kwenye logi za watu na nikadhani ni utani wa waandishi. Siku hizi inanigusa zaidi.

Kuku wawili

Nilimwonyesha rafiki yangu mmoja nilichokusudia kufanya kwenye keneli yangu: domeini ndogo, mistari arobaini hivi. Akauliza nina intarapti ngapi. Nikasema mbili. Akasema, "Ndugu yangu, unawajengea kuku wawili ghorofa."

Ana hoja. Niliondoka pale nikiwa nusu nimekubali, na kwa siku mbili niliacha kila kitu kama kilivyo, nikaongeza tu maelezo kando ya ile 32. Maelezo yakawa mistari minane. Ukifikia kuandika mistari minane kuieleza namba moja, nadhani msimbo wenyewe unakuomba kitu.

Nikajenga ghorofa. Fanksheni ya kuwasha intarapti sasa haipokei namba. Inapokea kidhibiti, aina, na namba, kwa mpangilio ule ule wa kwenye mti, na kidhibiti ndicho kinachojua cha kuongeza. Sifuri nimeiacha wazi, kwa heshima. Ule mstari wa `121 + 32` nimeufuta, na nukta zimerudi.

Jana nikaongeza kuku wa tatu: kitufe kwenye GPIO 17. GPIO za bodi hii zinaingia kwa 49 upande wa VideoCore, 113 kwenye mti, 145 kwenye GIC, na nyuma ya 145 hiyo kuna pini 17 ikiwa na domeini yake. Sikupiga hesabu hata moja kati ya hizo. Niliandika "gpio, 17", nikaomba jedwali lichapishwe, namba ya mwisho ikiwa idadi ya miito:

1: gic 30 taima 8841
2: gic 153 uart 96
3: gpio 17 kitufe 0

Nikabonyeza kitufe mara moja. Nikachapisha tena.

3: gpio 17 kitufe 7

Njia ni sahihi. Kitufe nilikinunua jero, na kinadunda.